Maswali kwa fundi: Video haichomelei geti

*Fundi, natazama video za kuchomelea tangu Januari, lakini nikishika mashine rodi inaganda kwenye chuma. Nibadilishe mashine? (Bondeni, Nakuru)*

Mashine haina kosa. Rodi ikiganda, mara nyingi moto ni mdogo, rodi ina unyevu, au mkono unasita. Rodi ya mm 2.5 ipe ampea 60 hadi 90, ikwaruze kwenye chuma uiinue kidogo, pengo lisizidi unene wake. Hayo bila shaka umeyasikia huko kwenye video. Usichopata huko ni mkono unaozoea kushuka kadiri rodi inavyoisha, na sikio: moto ukikaa sawa hulia kama omena kwenye mafuta, ukitema cheche ovyo, umeinua mno. Mwaka 2018 Kardas na O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaonyesha watu video ya kurusha vishale. Waliotazama mara 20 walijiona wakali kuliko waliotazama mara moja, lakini walipopewa vishale hawakuwapita. Zima simu, okota vyuma chakavu, choma mistari mpaka pakiti ya rodi iishe. Geti la mteja lingoje.

*Mdosi wangu hapa Kibuye anasema nitazame kwanza. Mwezi wa nne huu naleta chai na kusugua kutu. Nivumilie? (Kisumu)*

Usivumilie. Anayekuonyesha akukabidhi rodi siku hiyo hiyo, ukosee mbele yake akurekebishe. Muulize zamu yako ni lini. Akizungusha maneno, hama. Mafundi wenzangu mtanuna, lakini wengi wa hao tunaowaita wanafunzi ni vibarua wa bure. Nawe ukitazama, vaa maski, simama nyuma ya bega lake, fuata kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Ukisimama mbele, mikono unaiona kinyume.

*Mimi natumia mkono wa kushoto. (Kakamega)*

Basi wewe simama mbele.

*Nikijifunza kwa simu nitapata cheti?*

Kafanye mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, Gredi ya III. Utapewa chuma, hutaulizwa umetazama video ngapi.

*Nilimtazama fundi mchana, usiku macho yakachoma kama yana mchanga. Nitie maziwa?*

Tena? Kila wiki! Maziwa ni ya chai. Ule mwanga umeyaunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana mnadhani mmepona. Nenda kliniki ya macho. Miwani ya jua haikingi. Na nyinyi mnaochomelea kando ya njia ya shule, simamisheni bati upande wa barabara. Watoto nao wanatazama.