Kwa mdogo wangu wa Malimbe anayesema Mwanza imelala

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako hadi mwisho. Umetoka Dar, uko mwaka wa kwanza, umepanga Malimbe, unasema saa tatu usiku mji umeshalala, Jiwe la Bismarck umeshalipiga picha, na sasa unahesabu wiki za kurudi nyumbani. Waliotangulia kukujibu wamekutajia viwanja vya bata, yaani vya starehe. Sawa, ila boom lenyewe, hela ya mkopo wa chuo, litakata ndani ya wiki tatu na utarudi hapahapa kulia. Ngoja nikupe yangu.

Mimi nilifika huko Novemba 2014, mtoto wa Tandika, na malalamiko kama yako neno kwa neno. Nilikuwa sijawahi kulala mahali ambapo kelele kubwa ya usiku ni vyura. Geto letu lilikuwa chini ya majabali, umeme ukikatika tunapanda juu ya jiwe kupunga upepo. Usiku mmoja nikaona taa zimejipanga kule ziwani, nyingi, zinameremeta kama unavyoiona Kigamboni ukiwa Feri. Nikamuuliza mwenzangu wa chumba, Msukuma wa Magu: "Ule mji pale ng'ambo unaitwaje?" Alicheka mpaka akakaa chini. Jina hakunipa. Akasema tu, subiri mbalamwezi, halafu uutafute tena.

Mbalamwezi ikaja. Mji haupo. Maji matupu.

Ule "mji" ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hukimbilia mwanga, kwa hiyo huvuliwa kwenye giza: mvuvi anaelesha taa juu ya maji (zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola), dagaa wanajikusanya chini yake, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa yake inakuwa haina la kuwaambia dagaa, basi mitumbwi inapumzika na watu wanashona nyavu. Ndiyo maana mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, akikuambia "nitakulipa giza likiingia", usidhani anakutishia. Anakutajia tarehe.

Nikataka kuuona mji huo ukirudi. Saa kumi na moja alfajiri tukashuka kwa miguu hadi mwalo mmoja upande wa Luchelele. Hapo ndipo nilipojua mji haulali, ni mimi niliyekuwa nimelala. Mitumbwi inaingia mmoja mmoja, vijana wamesimama kwenye maji ya kiuno, ndoo zinapita mkono kwa mkono, akina mama wanapatana bei kwa Kisukuma cha haraka. Dagaa wabichi wakimwagwa kwenye turubai wanatoa mlio kama mvua ndogo, kwa sababu wengine bado wanarukaruka. Korongo wamejipanga pembeni kama wazee wa baraza wanaosubiri posho. Mama mmoja alikuwa anawatawanya dagaa mchangani kwa kiganja, kama anayepanda mtama, na nikasimama kumshangaa katikati ya njia. Kijana aliyebeba ndoo kichwani akanikwepa, akateleza, ndoo yote miguuni mwangu.

"Shikamoo mama," ndilo neno pekee lililonitoka.

"Marahaba, baba. Mwangaluka! Sasa umesimama njiani, ulitaka upimiwe wapi?"

Saa mbili kamili nilikuwa na tesiti. Muda wa kubadilisha viatu haukuwepo. Katikati ya swali la pili mtu akainuka kufungua madirisha yote, na tangu siku hiyo mpaka namaliza chuo niliitwa Dagaa. Hata leo kwenye kundi la wahitimu sina jina lingine. Lakini yule mama akaja kuwa mtu wangu. Boom likikata, nachukua kwake dagaa waliokauka kwa mkopo, napima vikombe hosteli hadi hosteli, hela yake narudisha Jumamosi.

Kitu cha pili, na hiki usikikose: Bujora, pale Kisesa, barabara ya Musoma, kama kilomita 20 kutoka mjini. Kuna makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padri Mkanada, David Clement, yana ngoma na vitu vya watemi. Ukienda siku ya kawaida utatembezwa, utapiga picha, utarudi. Nenda Juni, wakati wa Bulabo. Hapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye utani wa kale, vinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na jaji ni miguu ya watu: kikundi kinachovuta umati ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo kila upande unatafuta kioja. Huku majembe yanarushwa hewani, kule mtu kajivika chatu shingoni, na wewe unajikuta unakimbia na umati wote huku na huko bila kujua nani kakutuma. Mechi ya Kariakoo, Simba na Yanga, nimeihudhuria mara nyingi tu, ila sijawahi kukimbia hivyo.

Mengine ni madogo. Panda kivuko cha Kamanga kwa miguu, kama nusu saa juu ya maji, kula sato ng'ambo, rudi. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa kweli, tangu 2013, na ni kama kilomita za mraba mbili tu. Boti inatoka Capri Point, na pimbi wa kule hawana aibu kabisa. Timu ya Pamba nayo imerudi Ligi Kuu tangu 2024, kwa hiyo uwanja wa Kirumba una mechi. Kuogelea sikushauri hovyo, hasa penye matete na maji yaliyotulia. Kichocho kipo, na dawa zake utazijutia.

Subiri mwezi uandame, siku zile za mwanzo unazama mapema. Saa nne usiku panda jiwe lolote hapo nyuma ya geto lako, mji wako utauona. Ukishuka mwaloni alfajiri, vaa ndala.