Maswali ya Wasomaji: Risiti za PDF zimepotelea wapi?

SWALI: Kumbukumbu zangu zote naziandika kwa Org (mfumo wa kupanga maandishi) ndani ya Emacs (programu ya kuandikia), na risiti za PDF naziambatisha kwa C-c C-a (Ctrl na c, kisha Ctrl na a). Wiki iliyopita nilihamisha kichwa cha "Bima ya gari" kutoka ofisi.org kwenda nyumbani.org, faili lililo kwenye folda nyingine. Sasa nikibonyeza C-c C-a kisha o, naambiwa hakuna viambatisho. Risiti ndiyo basi tena? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Zipo palepale ulipoziacha. Kilichohama ni kichwa peke yake.

Fungua sehemu ya PROPERTIES chini ya kichwa hicho, utaona mstari wa ID, yaani kitambulisho cha kichwa. Tuseme unaanza na 7f3a91c2. Org huchukua herufi mbili za mwanzo zikawa jina la folda, na zilizobaki zikawa folda ya ndani yake: data/7f/3a91c2 na kuendelea. Sasa hiyo "data" huhesabiwa kuanzia pale faili la maandishi lilipo. Ulipohamia nyumbani.org, Org ikaanza kutafuta data ya huko, ambako hakuna kitu.

Kwa leo, hamisha folda ya 3a91c2 kutoka data/7f ya zamani uipeleke data/7f ya mahali papya (kama 7f haipo, itengeneze). Viungo vya attachment: vilivyomo kwenye kichwa vitafanya kazi bila kuguswa, kwa sababu hubeba jina la faili tu, si njia nzima.

Tiba ya kudumu ni kuwa na data moja kwa mafaili yote. Weka hii kwenye mipangilio ya Emacs:

(setq org-attach-id-dir "~/maandishi/data/")

Kisha kusanya folda za data zilizotawanyika, moja baada ya nyingine:

rsync -a ofisi/data/ ~/maandishi/data/

Usiuache ule mkwaju baada ya ofisi/data. Ukikosekana, utapata data ndani ya data. Wala usiburute folda kwa kipanya: data mbili zinaweza zote kuwa na 7f, na kuna programu za mafaili ambazo ukikubali "badilisha" hufuta 7f ya zamani pamoja na vyote vilivyomo.

SWALI: Kila nikiambatisha, faili linabaki pia kwenye folda ya vipakuliwa. Diski inajaa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Baada ya C-c C-a, herufi a hunakili, isipokuwa umebadilisha mpangilio wa org-attach-method. Tumia m, inayohamisha. Ukikutana na y, ujue inaweka kielekezi tu: siku utakayosafisha vipakuliwa, kiambatisho nacho kimekwenda.

SWALI: Nikifuta kichwa, viambatisho vyake vinafutika? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Havifutiki. Bonyeza kwanza C-c C-a kisha D, ndipo ufute kichwa. Kwa viambatisho yatima (ambavyo kichwa chake hakipo tena) vilivyokwisha kurundikana, ingia kwenye folda ya maandishi uendeshe hii kwenye terminali:

for d in data/??/*; do i=$(echo "$d" | sed 's|data/||; s|/||'); grep -rq --include='*.org*' "$i" . || echo "$d"; done

Inarudisha ID kwa kuunganisha majina mawili ya folda, inaitafuta kwenye maandishi yako, na isipoipata inakutajia folda. Ile nyota baada ya .org si ya urembo: bila hiyo, mafaili ya .org_archive yatarukwa, na viambatisho vya kumbukumbu ulizoziweka kabatini vitaonekana yatima. Amri hii haifuti chochote. Mafaili ya kompyuta nyingine yanayotumia data hiyohiyo haiyaoni, kwa hiyo fungua kila folda iliyotajwa uangalie kilichomo kabla ya kuitupa.