Umeombwa kuwa kruu wa RAAM? Kabla ya kufunga begi uliza utalala saa ngapi

Meseji imeingia juzi kutoka kwa kijana mmoja wa Kitanzania yuko Ohio, naye anapiga lori kama mimi. Kaandika hivi: "Shikamoo kaka. Kuna timu ya watu wanne wanaingia RAAM mwezi wa sita, wanataka niwe dereva wa gari la nyuma usiku. Nimesikia wewe ulishafanya. Nibebe nini?" Nikamjibu marahaba, nikamwambia asubiri nitaandika kwa urefu, maana jibu lake haliishii kwenye kubeba nini, na najua mko wengi humu mnaoitamani hii kitu, hasa sisi madereva, kwa sababu timu zikitafuta watu waliozoea kukesha barabarani sisi ndio tunakumbukwa kwanza.

Kwa ambaye hajaisikia vizuri, RAAM ni Race Across America, mashindano ya baiskeli ya kuvuka Marekani nzima kutoka bahari moja hadi nyingine. Yalianza 1982 na wanaume wanne tu, walitoka Santa Monica wakaishia New York, Lon Haldeman akashinda kwa siku 9 na saa 20. Timu zikaja kuruhusiwa miaka kumi baadaye. Unaanzia Oceanside, California, na kipindi nilichofanya mimi mwisho ulikuwa Annapolis, Maryland, karibu kilomita elfu tano. Hakuna cha leo tumemaliza tukalale hotelini tuendelee kesho. Saa ikishawashwa pale Oceanside haizimwi hadi mwisho, usiku na mchana, na timu mnapewa siku 9 mkizidi hapo mmeshatoka.

Timu ya wanne kawaida inagawanyika wawili wawili. Wawili wako barabarani kwa masaa kadhaa wanapokezana, huyu anakanyaga dakika ishirini au thelathini kwa nguvu zote anapumzika garini mwenzake anaingia, na wale wawili wengine wako mbele huko kwenye gari kubwa la kulala wanakula na kusinzia. Kupokezana kwenyewe kuna sheria, gurudumu la mbele la anayekuja lazima lipishane na gurudumu la nyuma la anayeondoka, la sivyo waamuzi wanakuandikia adhabu ya muda. Sasa hesabu wewe mwenyewe: waendeshaji wanne, lakini nyuma yao kuna watu kama kumi hivi. Madereva, wasoma njia, fundi, wa kukanda misuli, mpishi. Hao ndio kruu, na hao picha zao huzioni.

Mimi niliingia kupitia daktari mmoja ninayesali naye. Alijua naendesha usiku, alijua sinywi, akaniambia timu yao inahitaji mtu kama mimi. Nilikubali palepale na sijutii. Niseme ukweli nilijivunia sana, mtoto wa Singida niliyejifunza baiskeli kwa kupitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko mimi, leo nawalinda watu wanaovuka Marekani kwa baiskeli. Nilimpigia mama nikamweleza, akauliza kwani hawana nauli ya basi? Nikamwelewesha taratibu mpaka akaridhika.

California na Arizona sitaki kuzieleza sana. Unashuka ule mteremko mkali kuingia Borrego Springs, joto linakupiga usoni linapita digrii arobaini, barafu zinaisha, kila mtu ana nguvu na kila mtu anaongea. Unapita Monument Valley unapiga picha. Kule Colorado mnapanda Wolf Creek Pass, zaidi ya mita 3,300, watu waliokuwa wanamwagiwa maji jana leo wanaomba koti. Hapo bado raha.

Raha inakwisha Kansas.

Kansas barabara imenyooka na upepo unatoka ubavuni, na usiku hakuna cha kutazama kabisa zaidi ya taa nyekundu za minara ya mbali zinazowaka na kuzima. Sheria inasema kuanzia saa moja usiku mpaka saa moja asubuhi mwendeshaji haruhusiwi kusogea bila gari la nyuma kumfuata na kumulika, taa za njano zinawaka juu ya paa, na ile pembetatu ya gari linalotembea taratibu imebandikwa nyuma. Kwa hiyo usiku dereva wewe ndiye macho yake na wewe ndiye ukuta wake. Ukikaa mbali sana anaendesha gizani, ukimkaribia sana kivuli chake mwenyewe kinatangulia mbele na kinamficha mashimo. Unatafuta ile nafasi ya katikati unaishikilia masaa na masaa kwa mwendo wa kilomita thelathini hivi kwa saa.

Ndugu zangu madereva nisikilizeni hapa. Nimepiga lori kutoka Dallas mpaka Chicago usiku kucha, sijawahi kuona usingizi kama ule wa gari la nyuma. Kwenye lori una mwendo, una mngurumo, una gia, una mzigo unausikia mgongoni. Hapa una kautepe ka kung'aa kwenye pedeli kanapanda kanashuka, kanapanda kanashuka, na kataa kadogo kekundu chini ya siti yake, na baada ya muda kale kataa kanaanza kuonekana kama kamesimama na wewe ndiye unayeelea. Siku ukiona taa imesimama, jua umeshasinzia macho wazi.

Usiku huo mimi nilikuwa kwenye usukani tangu jioni. Wa kunipokea alitakiwa aje usiku wa manane, lakini gari la kulala lilikuwa limechelewa mbele huko na yeye mwenyewe hakuwa amelala. Kijana aliyekuwa ananisomea njia alishaanza kuangusha kichwa. Nikaita kwenye redio nikasema nahitaji kubadilishwa. Kapteni wa timu akajibu vumilia kidogo tufike Greensburg. Nikavumilia. Nikaita tena, akasema bado kidogo, tunawakaribia wale wa timu ya mbele. Na kweli tulikuwa tunawakaribia, taa zao za njano tulikuwa tunaziona kabisa zinapotea na kurudi kwenye upeo.

Ile taa nyekundu iliposimama sikuita mara ya tatu. Niliwasha taa za hazadi, nikapiga honi fupi mbili kama tulivyokubaliana, mwendeshaji akatoka pembeni, nikapaki nje kabisa ya lami, nikazima gari na funguo nikaziweka juu ya dashibodi. Nikamwambia yule mwendeshaji samahani ndugu, mimi siendeshi tena mpaka mtu mwingine aje. Alikuwa anatetemeka kwa jasho na upepo, hakusema neno, alipanda siti ya nyuma akajifunika taulo. Tulikaa pale kama nusu saa hivi mpaka dereva mwingine akaletwa.

Kapteni alipofika alinisemea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kuna watoto wanasoma. Mbele ya watu wote. Mimi mtu mzima, nimeacha kazi yangu yenye hela, nimekuja kwa kujitolea. Na Annapolis kwenye chakula cha kumalizia akasimama kushukuru, akasema tungewapata wale jamaa isingekuwa ile nusu saa ya Kansas, watu wakacheka wakanigeukia. Daktari wangu peke yake ndiye aliyenishika bega.

Bado inaniuma. Sitadanganya. Ila nikirudishwa barabara ileile saa ileile ningepaki palepale.

Maana mimi nina leseni ya kazi, mimi najua usingizi unaua. Serikali ya Marekani haikuwa na mchezo ilipotuwekea sisi wa malori sheria kwamba baada ya kupumzika saa 10 mfululizo unaendesha saa 11 mwisho, tena zote ziishe ndani ya saa 14 tangu uingie kazini, na ukifikisha saa 8 za usukani upumzike nusu saa. Kuna kidude kimefungwa garini kinaandika kila dakika. Gari la kruu halina hicho kidude. Hakuna wa kukuambia basi. Kuna kapteni anayetaka nafasi, kuna mwendeshaji anayeumia mbele yako unamwonea huruma, na kuna wewe unayetaka uonekane mwanaume. Kwa hiyo kidude uwe wewe mwenyewe.

Na hii sio hadithi ya kutishana. 2003 Brett Malin wa timu ya Vail aligongwa na lori huko New Mexico akafariki katikati ya mashindano. 2005 Bob Breedlove naye akafa Colorado, aligongana na gari. Sisemi madereva hao walisinzia, sisemi hivyo kabisa. Nasema barabara ile ina malori kama ya kwangu na ya kwako, na mtu wa baiskeli ana helmeti tu. Nikiisoma ile habari ya New Mexico namfikiria marehemu na familia yake, halafu namfikiria na dereva wa lile lori, analala vipi mpaka leo.

Sasa mdogo wangu, ushauri ndio huo. Lala. Kabla hujakubali mwambie kapteni akutumie ratiba ya zamu za kruu kwa maandishi. Utaona ratiba ya waendeshaji imepangwa vizuri mno, wanakula nini saa ngapi wanakandwa saa ngapi, ukiuliza dereva analala wapi utaambiwa tutaangalia tukifika. Hapo kataa. Usiendeshe zamu inayozidi saa nane hata wakubembeleze, na usikubali kupokewa na mtu ambaye hajalala, maana hapo mmebadilishana usingizi tu. Msoma njia wako naye alale, akilala yeye garini mko wawili mliolala. Na mkubaliane mbele ya timu nzima kabla ya Oceanside kwamba dereva akisema nimechoka gari linasimama na hakuna mjadala, sio usiku wa manane ndio muanze kujadiliana kwenye redio.

Ukishalala, mambo mengine utajifunza njiani. Magari yakijipanga nyuma yenu tokeni pembeni wapite, watu wa vijijini wana kazi zao asubuhi. Chupa za maji ziandike majina. Saa ya mashindano inasomwa kwa muda wa mashariki ya Marekani hata kama mko California, kwa hiyo iweke saa yako hivyo siku ya kwanza usichanganyikiwe. Chakula chao cha pakti kinawachosha mapema, mimi nilikuwa nasukuma chapati nyembamba kwenye lile gari la kulala, napaka siagi ya karanga, nazungusha nakata vipande vidogo vya kuliwa kwa mkono mmoja, na kufikia Missouri walikuwa wanaita kwenye redio "chapati, chapati". Mmoja wao alikuwa hawezi tena kumeza kitu kingine chochote, chapati na chai ya tangawizi ndivyo vilimfikisha. Hilo kapteni hakulitaja kwenye hotuba yake lakini mimi nalijua na yule mwendeshaji analijua, kila Krismasi ananitumia salamu.

Nguo beba chache, soksi beba nyingi, tochi ya kichwani beba yako usitegemee ya timu, na koti la kung'aa uvae kila ukishuka garini usiku hata kama unashuka kukojoa tu.

Halafu kuna la nauli, wengi mnalionea aibu. Magari ya kukodi yanarudishwa hukohuko mashariki, waendeshaji wana tiketi zao za ndege zilishakatwa na wadhamini, na dereva anajikuta amesimama pale mwisho wa mashindano na begi lake hajui anarudije. Mimi nililipa basi mwenyewe mpaka Texas. Kwa hiyo kwenye hiyo meseji ya kuomba ratiba ya zamu ongeza na swali la pili, tiketi yangu ya kurudi nani analipa, na usiombe likizo kazini kwako mpaka maswali yote mawili yamejibiwa.