Kabla ya probiotiki, mpe maji

Juzi saa tano usiku dada mmoja ameniandikia: "Mwanangu anaharisha tangu asubuhi, ninunue probiotiki ipi?" Nilimjibu palepale, ila usingizi uliniruka. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mwenyewe kwenye duka la dawa, mwanangu wa miezi 14 akiwa mgongoni.

Muuzaji alinitolea boksi la vipakiti, shilingi 32,000. Ni bakteria wazuri, akasema, wanatengeneza tumbo, na humo humo kuna prebiotiki, yaani chakula chao hao bakteria. Nikalipa bila kuuliza. ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji, na vidonge vya zinki zilikuwepo rafuni. Hakuzitaja, na mimi niliziona dawa za zahanati, za bei rahisi. Mwanangu nilimtakia kilicho bora.

Kesho yake alikuwa amenyong'onyea, analia bila machozi. Hospitali, muuguzi alifinya ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama kama mkunjo wa kanga, ndipo ikarudi taratibu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, tangu jana amekunywa nini?" Swali lile linanichoma mpaka leo.

Nikapewa kikombe cha ORS na kijiko cha chai. Kijiko kimoja, dakika moja au mbili, kingine. Akitapika nasubiri dakika kumi, naanza upya. Jioni alikojoa mapajani kwangu, nikalia kwa furaha.

Mama wenzangu, kinachomuua mtoto anayeharisha ni maji na chumvi vinavyomtoka. Probiotiki hairudishi maji. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na nyingine ya Kanada, kwa watoto zaidi ya 1,800 waliofikishwa hospitali wakiwa na ugonjwa wa tumbo. Waliopewa probiotiki hawakupona vizuri kuliko waliopewa kiigizo kisicho na bakteria. Nilipozisoma, roho iliniuma kwa zile 32,000, na zaidi kwa siku niliyoipoteza.

Kwa hiyo maji kwanza! Koroga ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usikadirie. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Mnyonyeshe bila kukoma. Maziwa yako yana prebiotiki zake, hayauzwi dukani. Mtindi, kama ameshaanza kula, ale tu. Antibayotiki usijinunulie. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, beba mtoto nenda hospitali, usisubiri kuche.

Na dada yangu wa juzi, kama unasoma hapa: zinki miligramu 20 kwa siku, nusu yake kama hajafika miezi sita. Usiiache choo kikishakuwa kizuri. Siku kumi zitimie.