Jibu: "Hakuna mtu aliye kisiwa" si shairi

Mkuu, umeuliza maneno "Hakuna mtu aliye kisiwa" yako katika shairi gani la John Donne, mshairi wa Uingereza. Hayamo katika shairi lolote, ndiyo maana umepekua diwani zake bila kuyaona. Ni nathari. Mitandaoni huyakata mistari mifupi mifupi, msomaji akadhani ni beti.

Tafuta kitabu chake *Devotions upon Emergent Occasions*, cha 1624, ufungue tafakuri ya 17 kati ya 23. Donne, aliyekuwa mkuu wa kanisa la St Paul's jijini London, alikiandika baada ya kuugua vibaya mwishoni mwa 1623. Akiwa kitandani anasikia kengele ya mtu anayekata roho, anajiuliza kama si yake. Hapo ndipo utamu ulipo: kisiwa na kengele vimo katika aya moja! Donne anasema: bonge la udongo likimezwa na bahari, Ulaya imepungua. Akifa yeyote, nami nimepungua. Basi usitume mtu kuuliza kengele inamlilia nani, inakulilia wewe. Wengi humpa Ernest Hemingway, mwandishi Mmarekani, sifa ya maneno ya kengele. Yeye aliyachukua kwa jina la riwaya yake ya 1940, *For Whom the Bell Tolls*, na akamtaja Donne ukurasa wa mwanzo.

Ukitafuta chapa ya kale, neno "island" (kisiwa kwa Kiingereza) liandike "Iland", bila herufi s.