Maziwa Hayaondoi Risasi Mwilini

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha, nikaurudia tena alfajiri. Umeniuliza: pale karakana ya betri Buguruni ulikoanza kazi, kila jioni bosi anawagawia pakiti ya maziwa ili yakate sumu ya risasi, ile metali ya ndani ya betri, je, inatosha? Ukaongeza kwamba mkeo ni mjamzito, kama kuna la kuogopa.

Haitoshi. Na la kuogopa lipo.

Maziwa hayo mimi nimeyanywa miaka 11 kwenye karakana ya mtaa wa Gerezani. Wewe ulikuwa mdogo. Tulikuwa tunapasua betri kuukuu, tunatoa zile sahani nyeusi, tunaziyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa, kisha tunamimina kwenye vibao vyenye vishimo kutengeneza chubwi za wavuvi wa Feri. Risasi ikiyeyuka inang'aa kama kioo, halafu juu yake unatanda utando wa kijivu. Ule utando tuliuengua kwa kijiko na kuumwaga hapo hapo chini. Ukikauka unakuwa unga laini. Ukipita tu, unapanda na miguu yako hadi puani. Kushika risasi yenyewe si hatari kama kuvuta unga ule na moshi wake, au kula chapati kwa vidole vilivyoushika.

Sasa sikiliza habari ya maziwa. Mwili unaichukulia risasi kama kalsiamu. Kwenye damu inapungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, lakini nyingine inakwenda kujificha mifupani na kukaa huko miaka mingi. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi aliyonayo iko kwenye mifupa. Maziwa yana kazi yake: mtu mwenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha, utumbo wake unapokea risasi kidogo. Tumbo tupu nalo linaipokea kwa wingi, kwa hiyo usitoke nyumbani bila kunywa chai na kitafunwa. Lakini uliyoivuta kwa pumzi imeingia damuni kupitia mapafu, haikukutana na maziwa popote. Na iliyokwisha kulala mfupani, maziwa hayaitoi.

Sikuwahi kuanguka kazini, na hilo ndilo lililonichelewesha. Tumbo lilikuwa linanisokota usiku, choo kigumu siku tatu, nne. Nikaambiwa ni ngiri, nikachemshiwa mizizi. Viungo vikauma, nikasema ni uchovu. Namtajia mteja bei, anarudi baada ya dakika tano nimeshaisahau. Na hasira, mwanangu. Siku moja nilikurushia bakuli la uji kwa sababu ulimwaga maji kidogo mkekani. Mama yako alinitazama tu, hakusema kitu. Hilo bakuli naliona hadi leo, na naomba unisamehe.

Presha ilinianza nina miaka 38. Daktari aliposikia kazi yangu, akaagiza nipimwe risasi kwenye damu. Ilikuwa mikrogramu 48 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5 tu, chanzo kitafutwe na kuondolewa, wala hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Alinieleza kwamba inapandisha presha, inachosha figo na moyo, na kwa mwanamume inaharibu mbegu. Zipo dawa za kuinasa na kuitoa, ila ni za hospitali na za waliozidiwa. Kwangu alisema dawa ya kwanza ni kuacha kazi ile, nikaacha.

Kuhusu mkeo: risasi inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na inaweza kuharibu mimba. Yeye hahitaji kufika karakana, nguo zako zinamletea. Wapo majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi ya ofisini pale. Mwanawe mchanga aliyekuwa ananyonya aliugua, na alipopimwa alikutwa na risasi damuni. Mama huyo alipigania mtaa ule, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Basi kuanzia kesho nguo za kazi zibaki kazini. Oga kabla ya kupanda daladala. Mkeo asifue ovaroli yako kabisa. Ifue mwenyewe, peke yake, huko huko kazini. Msifagie vumbi kavu, mwagieni maji kwanza. Usile wala kuvuta sigara humo ndani. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii moshi wa risasi. Mwambie bosi wako, kwa adabu, kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka awape vifaa vya kujikinga na awapimishe afya. Akikataa, ondoka. Kodi ya miezi miwili nitakulipia, na mama yako ameshakubali.

Jumatatu tutakwenda hospitali wote watatu. Mtaje daktari kazi yako na umwombe kipimo cha risasi kwenye damu, kwa sababu kipimo cha kawaida cha damu hakiionyeshi. Mimi nami nitapima tena. Ukija Jumapili jioni, viatu vya kazi usije navyo.

Baba yako