Usimpe fundi DVD zako azichome upya. Mimi nilimpa

Mkuu, rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema una DVD 60 za filamu, baadhi zimeanza vidoa ukingoni, unauliza uzinunue upya au la na deki ipi ni nzuri. Tena fundi kakwambia azichome kwenye diski mpya, za zamani utupe. Hapo kwenye kutupa nimeshindwa kupita kimya.

Mwaka 2013, nikiwa Tanga, mwenye kibanda aliniambia maneno hayohayo: orijino zinaoza, diski mpya inadumu. Nikamwachia 40, zikiwemo filamu za marehemu Kanumba, yule mwigizaji, nilizonunua siku zinatoka. Nikachukua kopi, orijino nikagawia majirani. Kufika 2016 kopi zinaonyesha menyu, picha inakatika vipande vipande, deki inagoma.

Orijino ya kiwandani data zake zimegandamizwa kwenye plastiki na kupakwa alumini. Diski ya kuchoma inashika data kwenye rangi, na rangi hupauka kwa joto na mwanga. Joto la Tanga unalijua! Halafu filamu ndefu za nje zilikuwa kwenye diski za tabaka mbili za data, GB 8.5, yule mwenye kibanda akazibana ziingie kwenye diski za GB 4.7. Hata zilipokuwa nzima, matukio ya usiku yalikuwa tope tupu. Juu akabandika lebo za karatasi, zikavuta unyevu. Mtu anakula hela yako kwa kujiamini kabisa wakati bidhaa yake haijui! Zile za marehemu nimezitafuta hadi Kariakoo, naambulia kopi za kopi. Linaniuma mpaka leo.

Kabla hujanunua wala kutupa chochote, tumia kompyuta unakili kila DVD nzima kwenye eksteno (ile diski ya kuhifadhia inayochomekwa kwa nje), kisha weka nakala nyingine kwenye eksteno ya pili. Usipime kwa kutazama dakika kumi za mwanzo. DVD huanza kusomwa kutoka katikati kwenda nje, na uozo mara nyingi huanzia ukingoni, gundi inayounganisha vipande viwili vya plastiki vya DVD inapoachia. Ya tabaka moja itacheza vizuri, ikufie mwishoni. Ya tabaka mbili husomwa hadi kule nje, kisha hugeuka kurudi ndani kwenye tabaka la pili, kwa hiyo hukwama filamu ikiwa katikati. Ikinakilika yote bila hitilafu, ya nini kununua nyingine? Ikigoma, jaribu kompyuta nyingine kwanza, maana kuna zinazosoma pale nyingine zinaposhindwa. Ikigoma na huko, ndiyo utafute orijino nyingine.

Anza na zile zenye vidoa, usiku huu huu kama umeme upo. Na asiondoke nazo mtu.